Maji ya Kichwani na Maboga ya Ngumbo

Mtu anayekwenda Ngumbo kwa nchi kavu aghalabu hupanda gari Songea, hupita Mbinga, kisha huteremka mpaka Mbamba Bay. Toka hapo hugeuza uso kaskazini akafuata pwani ya Ziwa Nyasa, akaipita Liuli. Ngumbo iko mbele yake, kati ya Liuli na Lituhi. Zamani tulizoea kusema "Ngumbo ya Mbinga". Tangu mwaka 2012 pwani hiyo imekatwa na kufanywa Wilaya ya Nyasa, makao yake Mbamba Bay, lakini wapo ambao bado husema Mbinga, nasi hatuna haja ya kugombana nao.

Nilikwenda huko mwezi wa Septemba, tena kwa makusudi. Nilitaka kutazama bustani za maboga. Labda wewe, ndugu msomaji, utacheka: nani huenda kutazama maboga mwezi wa Septemba? Mvua za nchi ile huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au mwanzo wa Mei. Wakati wa mvua kila mtu ni bwana shamba. Boga huota hata jalalani, likapanda ua, likafika juu ya paa la jiko, na mwenyewe hajui ni nani aliyelipanda. Lakini mtu mwenye majani mabichi ya maboga mwezi wa Septemba, wakati hata nyasi zimegeuka rangi ya ngozi ya simba, huyo ana jambo la kutufundisha. Tena mboga ya wakati huo ndiyo mboga yenye thamani. Wakati wa mvua majani ni tele, hata mbuzi huyachoka. Wakati wa kiangazi mama hutazama chungu cha ugali wa muhogo akajiuliza, leo watoto watachovya nini? Ziwani samaki wapo, usipa wapo, lakini si kila siku, wala si kila nyumba ina chombo na wavu.

Kabla ya kufika pwani, njia hupita katika milima ya Wamatengo, na huko mgeni hana budi kuagiza gari lisimame kidogo. Miteremko yote imechimbwa mashimo, shimo baada ya shimo, kama sega la nyuki lililotandikwa juu ya mlima. Ndiyo ngoro, ambayo wengine huandika ngolo. Mwisho wa mvua, yapata mwezi wa Machi, nyasi hufyekwa na kulazwa mistari mistari, mingine ya kwenda juu, mingine ya kukata mlima, hata ikafanya miraba. Kisha akina mama huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi zile. Maharagwe hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Nyasi huoza chini na kuwa mbolea. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbia na kuubeba udongo. Huingia shimoni, hukaa, hunywewa na ardhi polepole. Wamatengo wamelima hivyo katika miteremko mikali kwa vizazi vingi, nao hawakungoja mtu wa kuwaeleza. Nakuomba ulishike shimo hilo katika mawazo yako, maana tutalikuta tena huko chini, ila dogo, upana wa karai.

Kutoka milimani barabara huteremka mno. Mbinga kuna baridi na kahawa. Ukifika ziwani uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, joto limekukumbatia, na mashamba yamekuwa ya muhogo na miembe. Nilipopita mimi, toka Mbamba Bay kwenda kaskazini njia ilikuwa ya vumbi, yenye vijito vya kuvuka, lakini macho hayachoki, maana ziwa liko upande wa kushoto karibu wakati wote. Liuli nilitazama lile jiwe kubwa la bandarini, ambalo Wajerumani waliliona limefanana na sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaita bandari ile Sphinxhafen. Hapo ndipo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, ilipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani kwa matengenezo. Lakini sikwenda huko kwa ajili ya vita.

Basi fikiri jambo hili. Ziwa Nyasa ni ziwa la pili kwa kina katika Afrika, baada ya Tanganyika. Kina chake hufika karibu mita 700. Maji yake ni matamu, hayana chumvi, mmea huyapenda. Umesimama ufukoni Ngumbo, mbele yako maji hayana mwisho, milima ya Malawi huioni ila siku ya hewa safi. Ukigeuka nyuma, hatua mia tu, unaona bustani imekauka kama mkeka. Maji mengi namna hiyo, na kiu karibu namna hiyo!

Mtu wa bara atasema, basi si walime pale pale ukingoni? Haifai. Kwanza mawimbi huja na kuondoka, na upepo wa kusini uitwao mwera, unaovuma wakati wa kiangazi, hulipandisha ziwa likapiga nchi kavu kwa nguvu. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ukilima ukingoni mchanga huingia ziwani, na mazalio ya samaki huharibika. Kwa hiyo bustani halali iko juu kidogo, karibu na nyumba, na maji hayana budi kuifuata. Nayo hayana miguu. Hupanda juu ya kichwa cha mtu, na mtu huyo, kwa kawaida, ni mama au msichana.

Hapa ndipo nilipoona kwamba habari ya kumwagilia maboga si habari ya maboga tu. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Tena kila safari ya ziwani ina hatari zake: mamba wapo, hasa penye midomo ya mito na penye matete, na kichocho kipo katika maji yaliyotulia yenye konokono, ambako watoto hupenda kuingia mpaka magotini ili kujaza ndoo. Kwa hiyo ndoo inayomwagwa ovyo si maji tu yaliyopotea.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme una mashina 12 ya maboga, yamepandwa kwa kuachana mita 2 kila upande. Bustani yako basi ni mita za mraba 48. Wakulima wa bustani hukadiria kwamba maboga yanahitaji kama milimeta 25 za maji kwa juma, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Ukitaka kuilowesha bustani yote kama mvua inavyofanya, utahitaji lita 1,200, ambazo ni ndoo 60 kwa juma. Kama maji yako umbali wa mita 60 tu, kwenda na kurudi mara 60 ni zaidi ya kilometa 7, na nusu yake una mzigo kichwani. Nani ataweza? Ndiyo sababu watu wengi humwaga vindoo viwili vitatu juu juu, kila jioni, bustani nzima ikapata unyevu wa ukucha mmoja, jua la kesho likaunyakua kabla mizizi haijajua kwamba kuna mtu aliyepita. Kisha husema, "Pwani yetu haifai kwa maboga wakati wa kiangazi."

Sasa niwapeleke kwa bibi mmoja wa Ngumbo. Jina lake sitaliandika, maana aliniambia hapendi wageni wa kuja kumtazama kama sinema. Bustani yake iko nyuma ya nyumba, imezungukwa na ua wa matete uliosongwa vizuri upande wa kusini. Nilidhani ua ni kwa ajili ya mbuzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu. Usikanyage hapo."

Nilitazama chini, nikaona nusura nikanyage ukoo mzima wa maboga: majani mapana kama sinia, maua ya manjano, na chini ya majani vijiboga kama ngumi ya mtoto. Nilimwuliza habari ya ua. Akasema mbuzi ni wa kwanza, lakini mwera ni mbuzi wa pili: nao hula maboga, ila hauachi alama ya meno. Jambo hilo ni kweli kabisa. Jani la boga ni pana na laini, nalo hutoa unyevu hewani mchana kutwa. Upepo mkavu ukilipiga, hutoa zaidi, na shina hulazimika kunywa zaidi. Ua wa matete huokoa ndoo kadhaa bila mtu kwenda ziwani.

Kisha akanionyesha mashimo yake. Kila shina limeota katika shimo ambalo alilichimba mwezi wa Juni, kina chake tangu kiwiko mpaka ncha ya vidole, na upana kidogo zaidi. Ndani aliweka samadi ya mbuzi iliyooza, maganda, majani makavu, na majivu machache, akachanganya na udongo, akaacha juu pabonyee, akajenga ukingo mdogo kuzunguka. Ndicho kisahani cha maji. Nikakumbuka ngoro za milimani. Watu wa mlimani huyazuia maji yasikimbie kwenda chini ya mteremko. Watu wa mchangani huyazuia yasikimbie kwenda chini ya ardhi. Maana mchanga hauna kifua cha kuweka siri: umwagie maji, nayo hushuka moja kwa moja, hayaenei pembeni, na baada ya siku mbili mizizi haina kitu. Samadi iliyooza hufanya kazi ya sifongo. Bila hiyo, hesabu yoyote ya maji huwa bure, hata uwe na punda wa kubeba.

Juu ya kisahani alitandaza nyasi kavu, unene wa kiganja. Aliziacha mbali kidogo na shina, kwa sababu shina likikaa katika unyevu usiku na mchana huoza shingoni. Nilitia mkono chini ya nyasi hizo saa sita mchana. Nje mchanga ulikuwa unaunguza nyayo. Chini ya nyasi ulikuwa baridi na mbichi.

Bibi humwagilia alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya milima. Hatumii ndoo. Hutumia kopo la lita moja, naye huanza kwa kopo moja tu kwa kila shina, huenda la pili na la tatu, kisha hurudi kwa la kwanza.

"Mbona hummwagii huyu akamaliza, ndipo uende kwa mwingine?" nikamwuliza.

"Ardhi nayo ina koo, baba. Ukiwa na kiu sana, ukipewa mtungi mzima usoni, si utapaliwa?"

Nilicheka, lakini alichosema kinajulikana kwa watu wa kilimo. Mchanga uliokauka sana huyakataa maji mwanzoni: huteleza juu yake na kukimbilia kando. Kopo la kwanza hufungua mlango. La pili na la tatu huingia mpaka ndani. Naye humwaga kwa kuzunguka, umbali wa kiganja kutoka shinani, hamwagi juu ya shina wala juu ya majani. Mdomo wa boga uko ardhini. Jani linaloloweshwa jioni na kulala na maji hukaribisha madoa na ukungu, na ugonjwa ukiingia katika jani moja huenda kwa jirani yake kama uvumi. Kama mtu hana nafasi asubuhi, jioni si vibaya. Hapo maji hayapotezwi na jua. Lakini amwage chini tu, majani yalale makavu.

Kiasi chake ni hiki. Mche mchanga wenye majani manne au matano hupata makopo mawili au matatu, siku moja ndiyo, siku moja hapana, maana mizizi yake bado iko juu. Ukishatambaa huongeza maji na kupunguza siku. Shina lenye maua na maboga hupata makopo kumi, mara tatu kwa juma, kwa sababu udongo wake ni wa mchanga. Mahali penye udongo mzito mara mbili zingetosha. Nikarudi kwenye hesabu yangu: mashina 12, lita 10, mara tatu, ni lita 360. Ndoo 18 badala ya 60. Safari 42 hazipo tena kila juma. Kazi ya safari hizo nilimwona kwa macho: alikuwa mjukuu wake wa darasa la tano, naye alikuwa amekaa kivulini anasoma.

Kuna watu watasema, mbona mizizi ya boga huenea mbali kuliko kisahani? Ni kweli, huenea sana, na mzizi wa kati hushuka chini. Lakini mzizi hukua penye unyevu. Ukimwagia juu juu kila siku, mizizi hukaa juu juu na kuungua. Ukimwagia sana, kisha ukaacha siku mbili, hufuata maji chini, na shina huwa jasiri. Tena boga lina ukarimu wake: mahali penye kifundo, panapotoka jani, mtambaa ukilazwa juu ya udongo wenye unyevu na kufunikwa kidogo, huota mizizi mipya. Bibi alikuwa amefunika vifundo viwili vitatu katika kila mtambaa, na hapo pia humwaga kopo moja. Kama wadudu watakata shina la mwanzo, mtambaa una tumbo lingine.

Saa saba mchana jambo likatokea ambalo naona limewaponza watu wengi kuliko ukame wenyewe. Majani yote yalilegea, yakainama kama kuku wa mgonjwa. Mjukuu akaruka na ndoo.

"Bibi, maboga yanakufa!"

"Hayafi. Yamelala usingizi. Weka ndoo chini, uyatazame saa kumi na moja."

Akaninong'oneza kwamba kila mwaka lazima amfundishe mtoto mmoja. Mchana wa jua kali jani hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, hata kama udongo una maji ya kutosha. Kwa hiyo jani hulegea ili kujikinga. Jua likipoa, husimama tena lenyewe. Anayekimbilia kumwagilia kila aonapo majani yamelegea mchana, ataozesha mizizi, au atamaliza nguvu za watoto. Majani yakiwa bado yamelegea asubuhi, kabla ya jua, hapo ndipo shina lina kiu kweli. Na njia ya hakika ni kidole: kichomeke ardhini kando ya shina mpaka mwisho. Udongo ukishikamana na kidole, acha. Ukidondoka wote kama unga, mwagia. Saa kumi na moja tulitazama. Majani yalikuwa yamesimama wima, na mjukuu alijifanya hakusema neno lolote mchana.

Upande mmoja wa bustani niliona mfuniko wa ubao uliolala juu ya ardhi. Nilipouinua nilikuta mdomo wa mtungi wa udongo, mtungi wenyewe umezikwa mpaka shingoni, umejaa maji, na mashina matatu yameuzunguka. Akina mama wote wanaujua mtungi unaotoka jasho, ule unaopoza maji ya kunywa. Jasho hilo ndilo linalonywesha maboga. Udongo wa kando ukiwa mkavu huvuta maji kupitia ukuta wa mtungi. Ukiwa na unyevu wa kutosha huacha kuvuta. Mtungi unajua kiasi kuliko sisi. Hujazwa kila baada ya siku mbili au tatu, nao hufunikwa ili mbu wasizalie humo na maji yasiende hewani. Lakini uwe mtungi wa maji. Chungu cha mafuta na masizi kimekwisha kuziba vitundu vyake, hakitatoa kitu.

Jambo hili si geni duniani. Katika China, karne ya kwanza kabla ya Kristo, mtu aitwaye Fan Shengzhi aliandika katika kitabu chake cha kilimo kwamba mtungi uzikwe katikati ya shimo, ujazwe maji, na mbegu nne za matikiti zipandwe pande zake. Ni zaidi ya miaka elfu mbili sasa. Nasi pwani ya Nyasa hatukosi wafinyanzi: wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema huko kaskazini mwa ziwa, vyungu vyao vinajulikana sana. Mtungi uliopasuka mdomo, usiofaa tena nyumbani, hapa ni mali. Asiye na mtungi atwae chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, aitoboe vitundu viwili vitatu kwa sindano ya moto karibu na chini, aizike mdomo ukiwa juu. Si nzuri kama mtungi, na vitundu huziba kwa mchanga, lakini ni bure, na angalau imeondoka njiani.

Maji ya kuogea na kufulia? Maji ya kusuuza, yenye sabuni kidogo, yanafaa, ila si mahali pamoja kila siku. Maji ya chumvi usimwage kamwe.

Neno la maua nalo ni muhimu, maana hapo ndipo watu husingizia maji. Maboga hutoa kwanza maua dume, yenye kikonyo kirefu chembamba. Ua jike hufuata, nalo lina kijiboga kidogo chini yake. Yote hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya mchana, na nyuki ndio wanaochukua poleni kutoka dume kwenda jike. Ukirusha maji juu ya maua asubuhi, poleni hulowa na nyuki huondoka. Kijiboga kisichopata poleni hugeuka manjano na kuanguka, hata ungemwaga ziwa zima. Kwa hiyo mama anayechuma maua kwa mboga achume dume, tena aache machache. Lakini kama nyuki wapo na vijiboga bado vinaanguka, tazama maji: wakati wa maua na wa kutunga ndio wakati ambao shina halisamehe kiu. Bora ukose siku moja mwezi wa Julai kuliko siku moja wakati huo. Na usiache wiki nzima bila maji kisha ukamwaga kwa hasira. Boga lililokwisha kaza ngozi huweza kupasuka.

Majani pia yana adabu yake. Bibi huchuma machanga ya ncha za mitambaa, machache kwa kila shina, huyamenya nyuzi, huyapika na karanga zilizotwangwa. Hagusi majani makubwa yaliyokinga boga na jua. Nilikula, na sitasema zaidi, nisije nikaonekana nilikwenda kwa ajili ya chakula. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Malawi, maboga huyaita maungu, nao pia wanajua mambo ya karanga.

Boga likikomaa, ngozi hukataa ukucha na kikonyo huanza kukauka na kuwa kama kamba. Kuanzia hapo bibi hupunguza maji, na majuma mawili ya mwisho hampi kitu kabisa. Boga lililonyweshwa mpaka siku ya kukatwa ni tamu kidogo, huoza upesi. Chini ya kila boga ameweka kigae au fungu la nyasi, lisilale juu ya unyevu. Hulikata na kikonyo chake, urefu wa kidole, kwa sababu likivunjika kikonyo kuoza huanzia hapo, halafu hulianika siku chache na kulipanga juu ya uchanja wa matete, mahali penye kivuli na hewa, bila kugusana. Yale aliyoyapanda Juni huyakata mwisho wa Oktoba. Nilimwuliza huyala lini. Akasema ya kwanza huliwa mara moja, maana watoto hawana subira. Yaliyokaza ngozi sana huyaweka mpaka Januari, wakati mvua inanyesha, muhogo wa zamani umepungua, na mahindi mapya bado yana maziwa.